Kitawala katika Maniema na tumaini la Ufalme wa Mungu

Kila siku tunaomba Ufalme wa Mungu ufike, na tunaomba ufike hata hapa duniani. Katekista anapofundisha sala hiyo katika kijiji, mutu anaweza kumuuliza: utafika lini, na nani atatawala? Ulizo hilo si jepesi. Katika inchi yetu ya Maniema liliwahi kujibiwa kwa damu.

Jina Kitawala lilitoka katika Watch Tower, chama cha Marekani. Lakini sikio la mutu wa huku lilisikia kutawala, na pengine sikio hilo lilifahamu vema kuliko wale walioleta jina. Habari hizo zilitoka kusini. Elliot Kamwana alihubiri katika Nyasaland, ndiyo Malawi ya leo, tangu mwaka 1908, akitangaza ya kuwa mwaka 1914 Kristu atarudi na utawala wa wageni utakwisha. Kamwana hakuua mutu. Tomo Nyirenda, aliyejiita Mwana Lesa, ni mwingine kabisa: mwaka 1925 alipita Katanga akibatiza kwa kuzamisha watu majini, na wale aliowaita walozi akawaua, hesabu yao zaidi ya mia moja. Waingereza walimnyonga mwaka 1926.

Kindu ni muji wa mto na wa reli. Tangu mwaka 1911 reli inaunganisha Kindu na Kongolo. Maneno yalipanda pamoja na watu wa kazi, yakaingia katika migodi na misitu. Zaidi ya hayo, Bula Matari aliwahamisha wafuasi wa Kitawala mbali na kwao, akifikiri anakata mti. Kumbe alikuwa akitawanya mbegu.

Mwaka 1944 moto uliwaka kati ya Wakumu wa Lubutu na Masisi. Kiongozi wao alikuwa Bushiri Lungundu. Tusiseme upesi ya kuwa watu hao walidanganywa tu. Tuangalie ginsi walivyoishi. Wajapani walikuwa wameteka mashamba ya mupira ya Asia, na kwa ajili ya vita siku za kazi ya lazima katika Kongo ziliongezwa toka 60 hata 120 kwa mwaka mwaka 1942. Mutu aliacha shamba lake, akaingia mwituni kutafuta mupira. Mutu kama huyo akisikia ya kuwa Ufalme u karibu, na kapita hatakuwako tena, je, ataziba masikio? Askari walikuja, uasi ukazimwa mwaka huo huo, na wengi walikufa.

Katika Julai ya mwaka ule ule 1944, Ofisi Takatifu ya Roma ilijibu ulizo lililotoka Amerika ya Kusini: je, yafaa kufundisha ya kuwa Kristu atakuja kwa kuonekana, atawale duniani kabla ya hukumu ya mwisho? Jibu: haliwezi kufundishwa bila hatari. Roma haikuwa ikifikiri Lubutu. Lakini tumaini la miaka elfu ni la kale katika Kanisa: Mtakatifu Yustino na Mtakatifu Irenei walilikubali, na Mtakatifu Agustino mwenyewe alilishika kwanza, kiisha akaliacha. Basi mutu wa Kitawala hakuvumbua kosa jipya. Alichukua njia waliyopita wakubwa kuliko yeye, bila mutu wa kumwonyesha walipogeukia.

Hapo ndipo tunaona uzito wa kazi yetu. Tukihubiri mbingu tu, na kunyamaza juu ya kodi, fimbo na njaa, tunamwachia nabii wa mwituni nusu ya Injili, na ni nusu ile inayosikiwa na maskini. Mtaguso wa Vatikano wa pili, mwaka 1965, ulikataa kuchanganya maendeleo ya dunia na kukua kwa Ufalme, lakini ulisema vilevile ya kuwa maendeleo hayo yana maana kubwa kwa Ufalme, yakisaidia kupanga vema maisha ya watu. Hata mbele ya hapo, mwaka 1961, maaskofu wa Kongo walikuwa wamechagua njia ya jumuiya hai: majirani wachache wanaosoma Neno pamoja, wanaomtembelea mgonjwa, wanaosuluhisha ugomvi wa shamba.

Katekista aliyeulizwa “lini?” hana mwaka wa kutaja. Anaweza kumualika muulizaji katika jumuiya hiyo jioni ile ile.