Guangzhou, Soko Lililoipa Simu Sauti Kubwa

Kwenye barabara ya Yanjiang Magharibi mjini Guangzhou, ukingoni mwa Mto Zhujiang, lipo jengo la ghorofa kumi na mbili ambalo kwa miaka mia moja limeuza karibu kila kitu. Linaitwa Nanfang. Lilikamilika mwaka 1922 likiwa duka kubwa la kampuni ya Da Xin, na siku hizo hakuna jengo mjini lililolizidi kwa urefu. Mwaka 1938, majeshi ya Japani yalipoingia, liliungua likabaki gofu, kisha mwaka 1954 likafunguliwa upya kama duka la serikali. Mwendo mfupi kutoka hapo ndipo zilipokuwa nyumba za biashara za wageni, zama za 1757 hadi 1842, Guangzhou ilipokuwa bandari pekee ya China iliyofunguliwa kwa merikebu za Ulaya. Mtaa ule ulizoea wageni wenye fedha na haraka.

Miaka ya 2000 Nanfang likageuka soko la jumla la elektroniki. Vibanda vya vioo vilipangwa ghorofa kwa ghorofa: simu, chaja, betri, memori kadi, redio ndogo, na hedifoni zilizofungwa kwa mamia ndani ya mifuko ya nailoni. Wanunuzi walitoka Mashariki ya Kati, Asia Kusini na Afrika. Lugha ya pamoja ilikuwa kikokotoo: muuzaji anabonyeza bei, mnunuzi anafuta na kubonyeza yake, kinarudi, kinakwenda, mpaka mmoja atikise kichwa au atoe pesa.

Baada ya bei, jaribio lilikuwa la masikio. Simu inatiwa memori kadi, wimbo unachezwa, sauti inapandishwa mpaka mwisho. Simu iliyosikika kibanda cha tatu ilikuwa na soko. Iliyonong'ona ilirudishwa kabatini. Ukitaka kujua kwa nini simu za Mchina zilizoingia Afrika Mashariki zilikuwa na kelele kuliko Nokia zilizozitangulia, anzia hapa, kwenye uamuzi wa mnunuzi aliyejua fika wateja wake wanaishi mahali gani.

Guangzhou yenyewe ilikuwa na historia ndefu ya kusikiliza. Mwaka 1979, mwaka uleule Sony ilipoanza kuuza Walkman huko Japani, mjini humo ilianzishwa Kampuni ya Sauti na Video ya Pasifiki, iliyorekodi kanda za stirio kwa mitambo ya kisasa kutoka nje. Hong Kong iko jirani, na redio zake zilinaswa majumbani; jamaa waliotoka huko walileta redio kaseti kama zawadi. Miaka ya 1990 bandari za mkoa wa Guangdong zilipokea shehena za CD na kanda za Magharibi zilizokuwa zimekatwa ukingoni kwa msumeno ili zihesabiwe taka za plastiki. Vijana walizichambua, wakazinunua, wakasikiliza sehemu ambayo msumeno haukuifikia. Pembeni ya Mto Zhujiang, eneo la Dashatou, palipokuwa na kituo cha reli ya Kowloon iliyofunguliwa mwaka 1911, palizuka soko la vifaa vya mtumba, na jirani yake Haiyin pakawa mahali pa wapenda muziki wanaobishana juu ya spika na vikuza sauti. Mji wenye mafundi na masikio ya namna hiyo haukuhitaji kufundishwa maana ya sauti.

Waafrika walianza kuonekana kwa wingi mwishoni mwa miaka ya 1990. Wengi walikuwa wakinunua bidhaa Bangkok na Jakarta, na mtikisiko wa uchumi wa Asia wa mwaka 1997 uliwasukuma kwenda kwenye chanzo cha bidhaa. Maonyesho ya biashara ya Guangzhou, yanayofanyika tangu mwaka 1957, yalikuwa mlango mzuri wa kuombea viza. Mtaa wa Xiaobei, na hasa jengo la Tianxiu, ukawa makao yao: hapo palipatikana chakula cha halali, wakala wa mizigo, mkalimani na mtu wa kushirikiana naye kontena. Mfanyabiashara kutoka Dar es Salaam, Mombasa au Kampala ambaye zamani aliishia Deira, Dubai, sasa aliweza kuiruka Dubai na faida yake ibaki mfukoni.

Hata hivyo, simu nyingi za mwanzo zilipitia Hong Kong. Mtaalamu wa anthropolojia Gordon Mathews, aliyelichunguza jengo la Chungking Mansions kwa miaka kadhaa, alikadiria kwamba hadi asilimia 20 ya simu zilizokuwa zikitumika kusini mwa Sahara katika miaka hiyo zilipita ndani ya jengo hilo moja. Humo ziliuzwa simu za "siku kumi na nne", yaani zilizorudishwa madukani Ulaya na wateja waliobadili mawazo. Zilikuwa simu za kweli, imara, lakini zilitengenezwa kwa mteja mwingine: mtu anayesikiliza peke yake, ndani ya treni au chumba tulivu.

Kilichobadili mambo ni kipande kidogo cha silikoni. Kampuni ya MediaTek ya Taiwan ilianza kuuza chipu iliyokuja na karibu kila kitu: redio ya mawasiliano, kicheza muziki, programu, hata mchoro wa namna ya kuunganisha. Karakana ndogo ya Shenzhen, katika mkoa huohuo wa Guangdong, sasa iliweza kutoa simu mpya kwa muda mfupi bila kikosi kikubwa cha wahandisi. Mwaka 2007 serikali ya China ilifuta utaratibu wa leseni uliokuwa ukizuia karakana hizo kutengeneza simu kihalali, na mlango ukafunguka kabisa. Zikamiminika simu za laini mbili, za tochi, za antena ya televisheni, na simu zenye spika kadhaa nyuma, zimepangwa kama za redio kaseti.

Hapo ndipo sauti ya mnunuzi wa Afrika ilipopata nguvu. Kiwanda kikubwa cha Finland hakingebadilisha spika kwa sababu ya ombi la mtu mwenye kontena moja. Karakana ya Guangdong ingebadilisha, tena wiki ileile, maana spika ni kitu cha senti chache na oda ni oda. Watu husimulia simu hizo kama uigaji mtupu. Wanakosea: ndani yake mlikuwa na mahitaji halisi ya watu ambao kampuni kubwa hazikuwahi kuwauliza wanataka nini.

Mahitaji hayo yanaeleweka kwa yeyote aliyekaa Afrika Mashariki miaka ile. Simu ilikuwa redio ya nyumba nzima. Ililia juu ya meza ya saluni, ilining'inia shingoni mwa mchunga ng'ombe, ilishindana na injini ya bodaboda. Na kulikuwa na jambo moja lililoifanya hedifoni kuwa lazima hata kwa asiyeipenda: waya wake ndio uliokuwa antena ya redio. Ukitaka kusikia taarifa ya habari au mpira, unachomeka hedifoni kwanza, kisha unaielekeza sauti kwenye spika na kuuacha waya ukining'inia. Hedifoni nyingi zilizouzwa Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, zilifanya kazi hiyo kabla hazijafika sikioni.

Zilipofika sikioni, malalamiko yalikuwa yaleyale: sauti haitoshi. Fundi simu akapata kazi mpya. Simu za MediaTek zina mlango wa nyuma uliowekwa kwa ajili ya wahandisi wa kiwandani. Katika zile za Android hufunguliwa kwa kupiga *#*#3646633#*#*. Ndani yake mna orodha ya sauti iliyogawanywa: hali ya kawaida, hali ya hedifoni, hali ya spika. Unachagua hali ya hedifoni, unachagua muziki, unaona namba kwa kila ngazi ya sauti, kuanzia 0 hadi 255. Fundi anaifuta iliyopo, anaandika kubwa zaidi, anabonyeza kuweka, anamkabidhi mwenye simu. Ndani ya dakika mbili simu imepata kelele mpya.

Kelele hiyo ilikuwa na gharama yake. Kikuza sauti cha simu kina mwisho wa umeme kinaoweza kutoa. Namba ikizidi mwisho huo, wimbi la sauti hukatwa kichwa, muziki hukwaruza, na joto la ziada huunguza waya mwembamba ndani ya spika. Simu nyingi zilirudi kwa fundi zikiwa zimepasuka sauti kwa sababu hiyo.

Wakati soko la Guangzhou likishindania kelele, Ulaya ilikuwa ikienda upande mwingine. Ufaransa ilitunga sheria mwaka 1996 iliyowekea vicheza muziki vya mkononi kikomo cha desibeli 100, na mwaka 2002 Apple ililazimika kupunguza sauti ya iPod zilizouzwa nchini humo. Viwango vya Ulaya vilivyofuata viliweka hata kikomo cha umeme: kifaa kinachouzwa bila hedifoni zake kisizidi milivolti 150 kwenye tundu la hedifoni. Baadaye likaongezwa lile onyo ambalo leo kila mtu hulipitisha bila kulisoma, linalotokea sauti inapovuka desibeli 85. Kwa hiyo kampuni moja inaweza kuwa na simu mbili zenye jina moja na umbo moja, ila ya Ulaya ina sauti ndogo hedifonini kuliko ya soko jingine. Mtu aliyetumiwa simu na ndugu yake wa London akaona inanong'ona hakuuziwa simu mbovu; alipewa simu iliyowekewa kikomo.

Zama za karakana zilikatwa na serikali za Afrika Mashariki zenyewe. Usiku wa 30 Septemba 2012 Kenya ilizima simu bandia takriban milioni 1.9. Tanzania ilifanya hivyo 16 Juni 2016. Nafasi iliyobaki ilijazwa na kampuni moja ya Shenzhen, Transsion, iliyoanzishwa mwaka 2006 na Zhu Zhaojiang, mtu aliyewahi kuuza simu za Ningbo Bird nje ya China na kulijua soko la Afrika kwa miguu yake. Tecno, itel na Infinix ni zake. Mwaka 2008 iliamua kuelekeza nguvu zake Afrika, mwaka 2011 ikafungua kiwanda Ethiopia, na mwaka 2019 ikaingia kwenye soko la hisa la Shanghai.

Transsion ilichukua somo la vibandani ikalifanya kazi ya maabara. Mwaka 2015 ilitoa Tecno Boom J7, simu iliyouzwa pamoja na hedifoni kubwa za kufunika masikio, programu ya kukuza sauti, na kicheza muziki ambacho baadaye kilikua kikawa Boomplay. Ina pia oraimo, chapa yake ya chaja na hedifoni, ambayo leo imetapakaa kwenye meza za Luthuli Avenue, Nairobi, hadi Kampala. Muziki ulihama kutoka mezani, ulipokuwa wa wote, ukaingia ndani ya sikio la mmoja mmoja. Hayo ni mabadiliko makubwa, na bei yake inalipwa na sikio.

Guangzhou nayo ilibadilika. Takwimu za mji za mwaka 2014 zilihesabu Waafrika wapatao 16,000. Idadi ikashuka kadiri viza zilivyobana. Mwezi Agosti 2015 China Southern ilianza kuruka moja kwa moja kati ya Guangzhou na Nairobi, lakini Aprili 2020, hofu ya korona ilipopanda, Waafrika walifukuzwa kwenye nyumba na hoteli, wengine wakalala nje, mpaka mabalozi wa nchi zao wakaandika kulalamika. Ni aibu ambayo historia ya biashara hii haipaswi kuiruka. Wengi sasa huagiza kwa simu kupitia wakala, na jaribio la masikio la kibandani limekufa: mnunuzi anaona picha, hasikii kitu.

Hilo ni pengo la kuzibwa, maana kiwango kipo. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani na shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, ITU, yalikubaliana juu ya kiwango cha H.870: mtu mzima asizidi desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na mtoto desibeli 75. Kila zinapoongezeka desibeli tatu, muda unakatwa nusu. Kwenye desibeli 101, wiki nzima inabaki na dakika zisizofika 19.

Na anayetaka kusikia vizuri zaidi ana njia iliyo salama kuliko namba za fundi. Hedifoni ya mpira inayoziba tundu la sikio sawasawa huzuia kelele za daladala na kurudisha besi, hata sauti ikiwa nusu. Wavu wake ukizibwa na nta ya sikio, usafishwe kwa brashi kavu. Ikiwa ni ya bluetooth, mara nyingine ina sauti yake na simu ina yake, na zote mbili zinapaswa kuangaliwa. Kwa mwagizaji, swali la kumuuliza muuzaji wa Guangzhou ni hedifoni inatoa desibeli ngapi kwa milivolti au milivati ngapi, maana hedifoni nyepesi kuitika hutoa sauti nzuri bila kuilazimisha simu. Shirika la Viwango Tanzania na lile la Kenya, KEBS, yana uwezo wa kudai namba hiyo iandikwe kwenye boksi, pamoja na kiwango cha H.870, kabla kontena halijafunguliwa bandarini. Yafanye hivyo sasa, wakati masikio ya vijana wetu bado yanasikia.