Mkusanyo wa Daraja la Bei Nafuu

Katika biashara ya santuri na sidii kuna bidhaa ambayo kwa Kiingereza huitwa "budget compilation". Waandishi wetu wakikutana nayo huandika "albamu ya mkusanyiko ya bei nafuu", wakaendelea na habari yao. Msomaji ataelewa, lakini tafsiri hiyo inamficha mambo mawili: nani aliyezikusanya nyimbo hizo, na unafuu huo ni wa nani.

Tuiangalie bendi moja. Oingo Boingo ilikuwa bendi ya Los Angeles, na kiongozi wake alikuwa Danny Elfman, ambaye wengi wanamfahamu zaidi kwa muziki wa filamu ya Batman ya 1989. Walipiga roki ya wimbi jipya, mtindo ulioibuka mwishoni mwa miaka ya 1970 baada ya panki. Ulirithi kasi ya panki, ukaongeza vinanda vya umeme na midundo ya kuchezeka. Oingo Boingo wakatia na tarumbeta na saksafoni. Albamu zao tatu za mwanzo, Only a Lad (1981), Nothing to Fear (1982) na Good for Your Soul (1983), zilitolewa na kampuni ya A&M. Wakahamia MCA, wakatoa Dead Man's Party mwaka 1985 na nyingine baada yake. Ile ya mwisho ya studio, ya 1994, ilitoka kwa kampuni ya tatu, Giant.

Bendi ni moja, lakini rekodi zake zina wenyewe tofauti. Ndiyo maana A&M walitoa mkusanyo wao mwaka 1989, Skeletons in the Closet, na MCA nao wakatoa wao mwaka 1991, Best O' Boingo. Mpenzi wa bendi hii aliyetaka kuisikia safari yake yote alilazimika kununua mara mbili.

Kilichobadilisha hali hiyo ni mauzo ya kampuni. A&M iliuzwa kwa PolyGram mwaka 1989. Mwaka 1998 Seagram, waliokuwa wakiimiliki MCA chini ya jina jipya la Universal, wakainunua PolyGram nzima. Ghala mbili zikawa chini ya ufunguo mmoja. Mwaka uliofuata Universal wakaanzisha mfululizo wa 20th Century Masters: The Millennium Collection, wenye majalada yanayofanana na nyimbo kumi hivi hadi kumi na mbili kwa kila msanii. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zamu ya Oingo Boingo ikafika. Wakati huo bendi ilikwisha kuvunjika tangu 1995, na hakukuwa na haja ya mwanamuziki yeyote kurudi studio.

Kwa sababu hiyo silikubali neno "mkusanyiko" hapa. Linatokana na kukusanyika, na kukusanyika ni jambo la wanaojikusanya wenyewe: watu uwanjani, maji bondeni, mawingu kabla ya mvua. "Mkusanyo" linatokana na kukusanya, na kitendo hicho kina mtendaji. Nyimbo hizi hazikujikusanya. Zilichaguliwa na kampuni yenye haki, kutoka katika zile inazozimiliki. Kiambishi kidogo cha -ik- ndicho kinachomfuta mtendaji huyo, na sioni sababu ya kumfuta wakati lugha yetu imetupa njia ya kumtaja. "Diwani" nalo, zuri lilivyo, linastahili kubaki kwa washairi. Diwani ya Muyaka hubeba kazi ya mshairi kwa upana wake, si kionjo cha nyimbo kumi.

Sasa bei, na hapa ndipo penye uzito. "Bajeti" tuiachie serikali na kaya. "Rahisi" linamfanya msomaji adhani kitu ni duni, wakati sauti iliyomo kwenye diski hizi ni ileile ya albamu za awali. "Nafuu" ni neno sahihi, lakini likiachwa peke yake linafanana na punguzo la msimu wa sikukuu, linaloisha muuzaji akibandua karatasi dirishani. Bei tunayoizungumzia haikupangwa na muuzaji. Ni daraja, kama madaraja ya behewa, na limeandikwa ndani ya mikataba: bei kamili, bei ya kati, bei nafuu. Diski ikishushwa daraja, asilimia ya mwanamuziki nayo hushuka. Katika mikataba mingi ya Marekani, asilimia katika daraja la chini kabisa ilikuwa nusu hivi ya ile ya kawaida. Bei yenyewe imepungua, na fungu lake ndani ya bei hiyo limepungua pia. Mnunuzi kijana mwenye fedha kidogo amepata nafuu ya kweli, nami namfurahia. Mpiga saksafoni hakupata.

Hata uchache wa nyimbo una hesabu yake. Sidii hubeba zaidi ya dakika 70, lakini mikusanyo hii haikuijaza. Marekani ina kiwango cha kisheria cha malipo kwa watunzi, kinachohesabiwa kwa kila wimbo katika kila nakala. Mwaka 2002 kilikuwa senti 8 kwa wimbo usiozidi dakika tano. Kwa kiwango hicho nyimbo kumi ni senti 80, nyimbo ishirini ni dola 1.60, na kwenye diski inayouzwa kwa bei ya chini tofauti hiyo inauma. Kampuni ikapunguza nyimbo.

Napendekeza basi "mkusanyo wa daraja la bei nafuu". Ni refu kidogo, lakini kila neno lina kazi, na sehemu zake mbili zinaweza kutengana bila kuharibika. Anthology ya Oingo Boingo, ya diski mbili, iliyotoka 1999, ni mkusanyo, lakini si wa daraja la bei nafuu. Na albamu kongwe ikirudishwa madukani kama ilivyokuwa, kwa bei iliyoshushwa kimkataba, hiyo ni albamu ya daraja la bei nafuu, wala si mkusanyo.