Mwanafunzi anapohama shule, taarifa za usalama wake zifuate njia ipi?

Na Mwandishi Wetu, Sumbawanga

MWANAFUNZI wa darasa la tano anapohama kutoka shule ya msingi iliyopo mjini Sumbawanga kwenda Muze au Mtowisa, chini katika Bonde la Ziwa Rukwa, mambo mengi yanayomhusu huhama pamoja naye. Jina lake, tarehe ya kuzaliwa, darasa alilofikia na alama zake humfuata hadi shule mpya. Kwa shule za msingi, uhamisho huo hupitia pia katika mfumo wa kumbukumbu wa Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA), ambao walimu huuita PREM, ambamo kila mwanafunzi ana namba yake.

Lipo jambo moja ambalo kwa kawaida halimo katika karatasi hizo. Nalo ni habari kwamba mtoto huyo aliwahi kupigwa na kuumizwa nyumbani, kwamba yupo jamaa asiyeruhusiwa kumchukua shuleni, au kwamba shauri lake lipo Polisi. Mwalimu wake wa zamani anayajua hayo. Mwalimu mpya hayajui, na pengine jioni moja atamkabidhi mtoto kwa mtu yuleyule.

Kwa mkoa wa Rukwa suala hili si la nadharia. Mkoa una halmashauri nne, yaani Manispaa ya Sumbawanga pamoja na wilaya za Sumbawanga, Nkasi na Kalambo. Kutoka uwanda wa juu wa Ufipa, watu hushuka upande mmoja kwenda bondeni kulima mpunga, na upande wa pili kwenda Kirando, Kipili au Kasanga kwa shughuli za uvuvi katika Ziwa Tanganyika. Wafugaji nao huhama na mifugo yao. Familia ikihama, mtoto hubadili shule na kata, na wakati mwingine hata halmashauri. Hapo ndipo afisa ustawi wa jamii aliyekuwa na jalada lake anapobaki nyuma.

Wakazi wa bonde hilo hawajasahau Februari 2013, mwanafunzi mwenye ualbino aliposhambuliwa na kukatwa mkono akiwa njiani kutoka shule. Machi 2015, mtoto mwingine mwenye ualbino, aliyekuwa na umri wa miaka sita, alikatwa kiganja nyumbani kwao. Kwa mtoto wa namna hiyo, kuhamia shule ambayo haijaambiwa kwamba hapaswi kutembea peke yake, au kwamba amekwisha kutishiwa, ni kumrudisha kwenye hatari ambayo shule ya kwanza ilikuwa imejifunza kuikwepa.

Wapo pia wale ambao hatari yao haionekani kwa macho. Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, uliofanyika mwaka 2009 na matokeo yake kutangazwa mwaka 2011, ulionyesha kuwa karibu wasichana watatu katika kila 10 na mvulana mmoja katika kila saba walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Takriban robo tatu walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kimwili.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 haikuacha pengo kubwa kama wengi wanavyodhani. Kifungu cha 94 kinaipa mamlaka ya serikali za mitaa wajibu wa kulinda na kuendeleza ustawi wa mtoto aliye katika eneo lake. Kifungu cha 95 kinamtaka mwanajamii yeyote mwenye ushahidi au taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa, aitoe kwa mamlaka hiyo. Mwalimu ni mwanajamii. Wajibu wake hauishi siku mtoto anapopewa barua ya uhamisho.

Njia salama, basi, ni hii. Mwalimu mkuu anapopokea ombi la uhamisho wa mtoto ambaye shauri lake linafahamika, amjulishe afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yake kabla mtoto hajaondoka. Afisa huyo ndiye mwenye nafasi ya kuwasiliana na mwenzake wa kule mtoto anakokwenda. Walimu wakuu wawili nao wazungumze moja kwa moja, na aliyepokea taarifa athibitishe kwa maandishi kwamba ameipata. Mtoto asipofika katika shule aliyosema anakwenda, hilo nalo litolewe taarifa, kwa maana mzazi anayeficha jambo anaweza kulitumia neno "uhamisho" kumtoa mtoto machoni pa watu.

Kosa la kuogopwa kuliko yote ni bahasha. Katika shule nyingi ni desturi mzazi kukabidhiwa barua aipeleke mwenyewe. Kwa matokeo ya mitihani hakuna ubaya. Lakini taarifa ya ukatili ikiwekwa humo, huenda anayeibeba ndiye anayetuhumiwa. Ataifungua, na adhabu itamwangukia mtoto.

Uingereza imeliwekea jambo hili utaratibu ulio wazi. Mwongozo wa serikali kwa shule za England unataka jalada la ulinzi wa mtoto lipelekwe peke yake, mbali na jalada la masomo, ndani ya siku tano mtoto anapohama katikati ya mwaka, na shule iliyopokea ithibitishe. Hakuna teknolojia ya ajabu katika hilo. Hata hapa kwetu, kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinataka kila kiboko kiandikwe kitabuni. Kiboko kina kitabu chake, ilhali jeraha ambalo mtoto amekuja nalo kutoka nyumbani mara nyingi limo kichwani mwa mwalimu tu, naye mwalimu huhamishwa.

Ipo hofu ya haki kwamba taarifa hizo zitageuka uvumi wa ofisi ya walimu. Tangu Waraka wa Elimu Namba 2 wa mwaka 2021 uwaruhusu wasichana waliokatiza masomo kwa ujauzito kurejea, binti anayerudi huenda akapenda kuanza upya mahali pasipomfahamu, na ana haki hiyo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaziweka taarifa za watoto katika kundi la taarifa nyeti. Kwa hiyo kinachopelekwa kiwe kile tu kinachohitajika kumlinda: nini kilitokea, nani asimkaribie, shauri lipo wapi, na nani apigiwe simu. Kisomwe na mwalimu mkuu na mwalimu mmoja wa malezi, kisha kifungiwe kabatini.

Uhamisho mkubwa kuliko yote ni ule wa kila Januari, wahitimu wa darasa la saba wanapoingia kidato cha kwanza. Hapo mtoto hutoka mikononi mwa afisa elimu msingi na kuingia kwa afisa elimu sekondari, na mara nyingi hakuna anayeomba uhamisho wala anayeandika barua. Mazungumzo kati ya mwalimu mkuu na mkuu wa shule ya sekondari yafanyike Desemba, kabla ya shule kufunguliwa.

Mzazi, mlezi au mwanafunzi asiyeweza kumfikia afisa ustawi wa jamii anaweza kwenda kwenye Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha Polisi, au kupiga namba 116, huduma ya simu kwa mtoto, bila malipo.