Maktaba Ilipohamia Kijiweni

Wakutubi wa Marekani walipokutana Philadelphia mwaka 1876 na kuunda chama chao, Samuel Swett Green, mkutubi wa maktaba ya umma ya Worcester, Massachusetts, aliwashauri wenzake jambo moja: mkutubi achangamane na wasomaji. Asikae kama mlinzi wa makabati, bali aulizwe na ajibu.

Vyuo vikuu havikuwa na haraka hiyo. Harvard ilikuwa tayari na maktaba kubwa ya Widener, ila haikujengwa kwa kumfikiria mwanafunzi wa shahada ya kwanza. Januari 1949 wanafunzi hao wakafunguliwa maktaba yao, Lamont, jengo la kwanza la aina yake nchini humo, na humo walijichukulia vitabu rafuni wenyewe. “Wanafunzi” hapa maana yake ni wavulana. Wasichana wa Radcliffe, chuo cha wanawake kilichoambatana na Harvard, waliofundishwa na maprofesa walewale, walisubiri hadi 1967 ndipo wakaruhusiwa kuingia.

Hata hivyo, bado ilimlazimu mwenye swali kulifuata dawati la mkutubi. Mwaka 1984 maktaba ya sayansi za afya ya Chuo Kikuu cha Maryland, Baltimore, ilianza kupokea maswali kwa barua pepe, wakati ambapo watu wengi hawakuwa na anwani hata moja ya kuandikia.

Kilichowatoa wakutubi jasho hasa ni takwimu za mwaka 2005. Shirika la huduma za maktaba la OCLC liliwauliza watu wa nchi kadhaa wanaanzia wapi wanapotafuta habari. Asilimia 84 walitaja injini za utafutaji. Tovuti ya maktaba ilitajwa na asilimia 1.

Basi wakahama. Wakutubi wa vyuo kadhaa walibeba kompyuta mpakato wakaenda kukaa kantini, mabwenini na kwenye kumbi za wanafunzi, wakisubiri mtu asogee na swali lake. Wengine walifungua kurasa Facebook, mtandao uliozaliwa ndani ya bweni la Harvard mwaka 2004. Hapo mambo yalikuwa magumu kidogo. Kijiwe kina wenyewe, na si kila kijana anayepiga soga na wenzake usiku hufurahi kumwona mtu wa maktaba akivuta kiti. Mwaka 2006 muungano wa maktaba za Illinois, Alliance Library System, ulifika mbali zaidi: ukajenga kisiwa cha maktaba ndani ya Second Life, ulimwengu wa kuigiza wa mtandaoni. Majengo yalipendeza. Wasomaji wengi hawakuhamia huko.

Kilichofaa kilikuwa kidogo na cha bure. Meebo, iliyoanza 2005, ilimwezesha mkutubi kubandika kisanduku cha gumzo kwenye tovuti yake, na mwanafunzi akauliza bila kujisajili wala kutaja jina. Kwa mwenye haya, hilo lilikuwa jambo kubwa. Maktaba nyingi zikakitegemea kisanduku hicho, zikasahau kwamba zilikuwa wapangaji. Juni 2012 Google ikainunua Meebo, na mwezi uliofuata huduma hiyo ikafungwa.

Waliohangaika kutafuta mbadala waliukuta umeshatengenezwa na watu wa fani yao. Mkutubi Pam Sessoms wa Chuo Kikuu cha North Carolina, Chapel Hill, pamoja na Eric Sessoms, walikuwa wameunda LibraryH3lp, programu ya gumzo iliyowawezesha wakutubi wengi, hata wa vyuo tofauti, kupokea maswali kwa foleni moja na kupokezana zamu.