Nyayo za Karatasi: Kutoka Jicho la Kuruman hadi Kolobeng

Kuruman ni mji wa ukingoni mwa Kalahari, kaskazini mwa Afrika Kusini, na uhai wake wote umetokana na chemchemi moja. Watswana waliiita Gasegonyane. Wageni wakaiita Jicho. Kila siku hutoa lita zipatazo milioni 20 za maji maangavu, mvua inyeshe isinyeshe. Safari yangu ya kufuata nyayo za vitabu kusini mwa Afrika niliianzia hapo, kwa sababu bila maji haya pasingekuwa na bustani, bila bustani pasingekuwa na misheni, na bila misheni mtambo wa chapa usingefika nyika hii.

Kilomita chache kaskazini mwa mji ndipo yalipo majengo ya kale ya misheni. Aliyeyajenga pamoja na wenzake ni Robert Moffat, Mskoti aliyekuwa mtunza bustani kabla ya kutumwa na Jumuiya ya Wamisionari ya London. Alifika Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1817, na baada ya miaka michache akahamia kwa Watlhaping, kundi la Watswana la Mtemi Mothibi. Mifereji aliyochimba kuyaleta maji ya mto shambani ilikuwa kazi ya mtu anayejua udongo. Kazi ya lugha ndiyo iliyomshinda kwa muda mrefu. Alihubiri kwa Kiholanzi, mkalimani akageuza kwa Kitswana, na alichokusudia hakikuwa kila mara ndicho walichosikia watu. Mwaka 1827 akaamua kuondoka nyumbani, akaenda kukaa na Warolong, kundi jingine la Watswana, ili asisikie lugha nyingine ila yao. Aliporudi, mkalimani hakuhitajika tena.

Kanisa la mawe lililofunguliwa mwaka 1838 bado limesimama, na paa lake ni la nyasi. Boriti zake zilivutwa na maksai kutoka mbali sana, maana nyika hii haina miti mirefu. Ukiingia, ubaridi unakupokea mlangoni. Lakini kilichonileta ni chuma: mtambo wa chapa wa mkono.

Mwaka 1830 Moffat aliichukua tafsiri yake ya Injili ya Luka, akasafiri nayo hadi Cape Town. Huko hakupata mchapaji wa kumfanyia kazi. Serikali ilimruhusu kutumia kiwanda chake cha chapa, lakini mafundi hawakuwepo. Basi yeye na mwenzake, Roger Edwards, wakajifunza wenyewe kupanga herufi za risasi, moja baada ya moja, katika lugha ambayo hakuna mpanga herufi yeyote mjini aliyeijua. Walipogeuka kurudi, garini mlikuwa na mtambo wa chuma, herufi, wino na karatasi. Mwaka 1831 ukatua Kuruman. Moffat alisimulia jinsi watu walivyostaajabu kuona karatasi nyeupe ikizama chini ya chuma, kisha punde ikitoka imejaa herufi.

Kwa Kitswana, kuchapisha ni *gatisa*, neno lililotokana na *gata*, yaani kukanyaga. Nimelipenda neno hilo tangu nilijue. Kila ukurasa ni unyayo: umekanyagwa mahali fulani na mtu fulani, na anayekuja nyuma anaweza kuufuata.

Nyayo hizo zilikwenda mbali. Agano Jipya lilipokamilika, Moffat alilipeleka Uingereza, likachapishwa London mwaka 1840. Nakala 500 za kwanza zilitangulia kurudi Afrika na wamisionari wawili wapya, William Ross na daktari kijana aliyeitwa David Livingstone. Kutoka pwani hadi Kuruman kwa gari la maksai Livingstone alitumia zaidi ya miezi miwili. Agano la Kale liliendelea kutafsiriwa na kuchapwa hapa hapa Kuruman, William Ashton akiwa mkono wa kulia wa Moffat katika chapa, hadi mwaka 1857 Biblia nzima ikawa tayari. Kisiwa cha Madagaska kilikuwa kimetangulia kupata Biblia ya Kimalagasi mwaka 1835; kwa upande wa bara, kusini mwa Sahara, hii ya Kuruman inahesabiwa miongoni mwa za kwanza kabisa kuchapwa nzima katika lugha ya wenyeji.

Moffat hakungoja watu wajue kusoma ndipo awapelekee vitabu. Katika safari moja, wanakijiji walimsihi awafundishe alfabeti, naye akazitia herufi katika wimbo wa kwao Uskoti, *Auld Lang Syne*. Wakaimba A, B, C usiku kucha. Yeye amelala na wao bado wanaimba. Naitazama picha hiyo kwa heshima kubwa. Kiu ile haikuwa ya mhubiri peke yake. Ilikuwa ya watu walioona kwamba alama hizi ni nguvu, nao wakazitaka ziwe mikononi mwao.

Ukitoka Kuruman ukaelekea kaskazini, unaifuata barabara iliyoitwa Njia ya Wamisionari. Inavuka mpaka kuingia Botswana, na kilomita zisizozidi 30 magharibi mwa Gaborone inakufikisha Kolobeng. Leo hapo pana misingi ya mawe ya nyumba ya Livingstone na makaburi machache, moja likiwa la binti yake Elizabeth, aliyefariki mwaka 1850 akiwa mchanga wa wiki chache. Hapo ndipo Sechele, mtemi wa Wakwena, alipobatizwa mwaka 1848. Livingstone aliandika kwamba Sechele aliijua alfabeti siku ya kwanza tu ya kufundishwa, na kwamba alikipenda mno kitabu cha Isaya. Alikuwa na wake watano. Akawarudisha wanne kwao ili abatizwe. Miezi haikupita mingi, mmoja wa wale wanne akaonekana ana mimba yake, na Livingstone akamtenga na meza ya Bwana.

Mwaka 1852 Makaburu wa Transvaal waliwashambulia Wakwena, wakateka wanawake na watoto. Nyumba ya Livingstone ilivunjwa, na vitabu vyake vikachanwa na kutawanywa. Mwenyewe hakuwapo, gurudumu la gari lilikuwa limevunjika likamchelewesha Kuruman. Baada ya hapo alishika njia ya kaskazini na hakurudi kukaa Kolobeng. Waandishi wengi wa historia wangeifunga hadithi hapo. Lakini Sechele aliyetengwa na meza ndiye aliyebaki na kitabu. Aliendelea kusali na watu wake, kuwasomea na kuwafundisha kusoma, na alitawala hadi alipofariki mwaka 1892. Karatasi za mmisionari zilipeperuka vichakani, ila herufi alizojifunza mtemi siku ile moja hakuna aliyeweza kuzichana.

Njia hii ina unyayo mmoja unaouma, na Mswahili anaweza kuuhisi kuliko wasomaji wengi. Kwa Kitswana, Mungu ni *Modimo*, nao wahenga waliotangulia, wanaoheshimiwa na kuombwa, ni *badimo*. Sikiliza vizuri: ni shina lile lile la maneno yetu *mzimu* na *mizimu*. Katika Agano Jipya la Moffat, mapepo wachafu ambao Yesu anawafukuza waliitwa *badimo*. Hebu fikiri: unafungua kitabu kitakatifu kwa mara ya kwanza katika lugha ya mama yako, unamkuta babu yako aliyekufa ndani ya nguruwe wanaotumbukia ziwani. Musa Dube, mtaalamu wa Biblia kutoka Botswana, ameandika juu ya jeraha hilo akiliita bomu lililotegwa ndani ya utamaduni. Lakini Dube huyo huyo ameonyesha jambo la pili: wasomaji wa makanisa huru ya Kiafrika hawakukaa wakalia. Waliichukua Biblia ile ile wakaitumia kupigia ramli, kutafutia chanzo cha maradhi na faraja ya mgonjwa, ikawa karibu na wahenga badala ya kuwafukuza.

Wengine walijibu kwa kalamu. Mwaka 1883 misheni ya Kuruman ilianza gazeti, *Mahoko a Becwana*, yaani Maneno ya Watswana. Barua za wasomaji zikaanza kumiminika: za kubishana juu ya tahajia, juu ya mahari, juu ya jando na mila. Mtambo ulioletwa ili watu wasomeshwe sasa ulikuwa unachapa majibu yao. Kizazi kilichofuata kikamleta Sol Plaatje, aliyezaliwa mwaka 1876 na kusomea shule ya misheni. Aliendesha gazeti lake mwenyewe la Kitswana, akakusanya methali za watu wake, na mwaka 1930 akachapisha tafsiri ya mchezo wa Shakespeare, *Diphosho-phosho*. Miongo mitatu baadaye Mwalimu Nyerere angefanya kazi ya namna hiyo kwa Kiswahili, na *Julius Caesar* ikasemeshwa lugha yetu.

Nyayo hizo zilifika hadi kwetu pia. Desemba 1857, mwaka ule ule Biblia ya Kitswana ilipokamilika, Livingstone alihutubia Cambridge, na kutokana na wito wake ikazaliwa misheni iliyohamia Zanzibar mwaka 1864. Huko Edward Steere alitafsiri Agano Jipya kwa Kiswahili, na vijana waliookolewa utumwani wakapanga herufi katika chapa ya misheni. Majina ya wengi wao hayako juu ya jalada lolote, kama yasivyokuwapo ya Watswana waliomsahihisha Moffat jioni baada ya jioni.

Nimerudi nyumbani nikaifungua Biblia ya Kiswahili, nikakutana na neno *kuzimu*, makao ya wafu. Zamani nilikuwa nalipita. Safari hii nilisimama. Shina lililompa Mtswana jina la Mungu, kwetu limeshuka chini ya ardhi, na mapepo wetu wakapewa jina jingine. Kila neno katika ukurasa ule lilichaguliwa na mtu mwenye wino kidoleni, aliyeweza kupatia na aliyeweza kukosea. Deni letu kwa Sechele, kwa waandishi wa barua za Kuruman na kwa vijana wa Zanzibar ni kusoma kama walivyosoma wao: kwa upendo, na kalamu ikiwa mkononi.