Daftari la Karata

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nami niliponuia kujifunza karata za taroti, jambo la kwanza nililofanya ni kununua kaunta buku. Karata zenyewe, 78 kwa idadi, nilipewa na rafiki aliyezichoka, pamoja na kijitabu cha wanaoanza. Utaratibu wangu ulikuwa mwepesi. Kila jioni nilivuta karata moja, nikaandika tarehe, jina la karata, maana iliyotolewa na kijitabu, na yale niliyoyaona mwenyewe katika picha. Chini yake niliacha mistari mitano mitupu, ili kesho yake nijaze yaliyotokea. Kwenye ukurasa wa kwanza nilinakili kwa wino mwekundu dai la kijitabu, kwamba karata hizi ni hekima ya makuhani wa Misri ya kale. Sikujiuliza limejulikanaje.

Kwa mwezi mzima mambo yalikwenda vizuri kupita kiasi. Karata na siku zilipatana karibu kila mara, nikaanza kujiona nimeiva. Habari zikavuja. Jioni moja jirani yangu, mama mtu mzima, alibisha hodi. Nilimwamkia, akaketi, akazungumza ya huku na huku, kisha akasema, "Mwanangu, nasikia unatazamia. Nitazamie kijana wangu." Kijana huyo alikuwa baharia, na kwa muda mrefu hakuwa ameleta barua wala salamu.

Ikatoka Tano ya Vikombe. Katika picha mtu mwenye joho jeusi ameinamisha kichwa mbele ya vikombe vitatu vilivyomwagika. Viwili vimesimama nyuma yake. Mama aliitazama, akauliza kwa sauti ndogo, "Huyu anamlilia nani?" Kijitabu kilikuwa na jibu tayari: msiba na hasara. Ulimi ukanikwama. Nikamwomba anipe mpaka kesho.

Usiku ule nililifungua daftari na kulisoma tangu mwanzo, kama mtu akaguaye hesabu za mwenzake. Nikachukua karata ya siku ya tatu nikaiweka siku ya kumi, na ya kumi nikaiweka ya tatu. Zote mbili zikakaa sawasawa. Nikazibadilisha nyingine, zikakaa. Ndipo nilipoona kwamba ile mistari mitano niliijaza nikiwa tayari naijua karata, na katika mambo mengi ya siku nzima niliokota lile moja linalofanana nayo.

Asubuhi nilimweleza mama ukweli huo. Nilimwambia karata ile ingemfaa mwana aliyepotea na ingemfaa anayerudi wiki ijayo. Alinyamaza, kisha akaniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: "Kama hazijui, nani basi alisema zinajua?"

Nililigeuza daftari, nikaanza kuandika upya kutoka nyuma. Safari hii niliandika historia.

Taroti ilizaliwa Italia ya kaskazini katika karne ya 15, nayo ilikuwa mchezo. Mwaka 1440 mwandishi wa mikataba aitwaye Giusto Giusti aliandika katika kumbukumbu zake za kila siku kwamba alimpa mtawala mmoja zawadi ya karata hizo. Mwaka 1442 vitabu vya hesabu vya jumba la Ferrara vilitaja malipo ya mchoraji aliyezitengeneza. Nilitabasamu: habari hizi tunazo kwa sababu watu walikuwa na daftari! Kwa takriban miaka 300 baada ya hapo, kumbukumbu zilizobaki zinazungumzia watu wakicheza, wakifunga na kufungwa.

Aliyeleta habari ya Misri ni mchungaji wa Kiprotestanti huko Ufaransa, Antoine Court de Gébelin, mwaka 1781. Wakati huo maandishi ya Misri ya kale yalikuwa hayajasomeka. Jean-François Champollion alitangaza ufunguo wake mwaka 1822. Kwa hiyo hapakuwa na wa kumbishia. Mwaka 1785 Jean-Baptiste Alliette, aliyeligeuza jina lake nyuma mbele akajiita Etteilla, alitoa kitabu cha kufundisha kutazamia kwa taroti. Na ile picha ya joho jeusi? Ilichorwa na Pamela Colman Smith, ikatolewa London mwaka 1909.

Hata hivyo Misri imo, ila si ile ya mafarao. Ni ya masultani wa Kimamluki. Katika jumba la makumbusho la Topkapı, Istanbul, zimehifadhiwa karata zao za kale zenye aina nne: vikombe, sarafu, panga na fimbo za polo. Wakubwa wake ni mfalme, naibu wa mfalme, na naibu wa pili. Wataliano waliziita karata *naibi*, na wanazuoni wengi wanaona neno hilo ni lilelile tunalomwitia naibu waziri. Huko Ulaya polo haikujulikana, basi fimbo zikawa marungu.

Hapo nilisita, kalamu mkononi. Vikombe kwa Kireno ni *copas*, dhahabu ni *ouros*, panga ni *espadas*, fimbo ni *paus*. Kopa, uru, shupaza, pau! Wareno walitawala Mombasa mpaka mwaka 1698 walipoondolewa, lakini majina ya karata yao yalibaki vinywani mwetu, ingawa picha tunazochezea leo ni mioyo na maua. Hata karata kuu 22 za taroti, ambazo Wataliano waliziita *trionfi*, ndizo zilizompa Mreno neno *trunfo*, nasi tukapata turufu. Nilikwenda mbali kutafuta siri, kumbe nusu yake ilikuwa barazani.

Nilimpelekea mama majibu yangu. Nilipofika kwenye vikombe alinikatiza. "Kwa hiyo ile ilikuwa tano ya kopa?" Nikamwambia ndiyo. Akacheka kwa mara ya kwanza. "Marehemu mume wangu akiitupa barazani kila jioni, na kila jioni alirudi nyumbani kula."

Kisha akaacha kucheka, akalitazama daftari langu. "Umesema limebaki na karatasi?"

Nilichana mbili za katikati. Alinisomea anwani ya ofisi ya meli aliyoihifadhi ndani ya kanga, nami nikaandika jina la mwanawe, mwaka aliopanda meli, na swali moja tu. Niliporudi nyumbani nilifungua ukurasa wa kwanza, nikaupiga mstari ule wino mwekundu.