Mti Uliobaki Tundu

Wageni wakiniuliza mti wa kale uko wapi, nawapeleka juu ya kijiji cha Kibati, kwenye lava ya volkano ya Nyiragongo. Tarehe 10 Januari 1977 ziwa la lava lilimwagika kwa muda usiofika saa moja. Lava ilizingira mashina, ikaganda. Mti ukaungua, tundu likabaki. Ingiza mkono, utapapasa alama za gome kwenye jiwe.

Kwetu Birere, mtaa wa mji wa Goma, lava ilikuja Januari 2002. Tulijenga upya kwa mbao, juu ya lava hiyohiyo. Mikaratusi ya mashambani hutoa nguzo na chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo. Ila miti mikubwa ya Virunga, hifadhi tangu 1925, huingia mjini ikiwa makaa, na sokoni hakuna anayeuliza imetoka wapi. Nami hununua.